Hakuna Tatizo, Mkuu

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya mabosi na kompyuta. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya vijana, na kwamba mzee aliyekaa barazani na kikombe chake cha kahawa hayamhusu. Yanamhusu sana. Siku hizi dawa anayoandikiwa hospitali, tiketi ya boti ya mwanawe, umeme anaoununua kwa tarakimu za simu na hata pensheni yake mwenyewe, vyote vinapita katika programu ambazo mtu mmoja kaamuru zitengenezwe na mtu mwengine kazitengeneza. Wawili hao wakishindwa kusemezana, atakayesimama dirishani akiambiwa "mtandao unasumbua, njoo kesho" ni yeye mzee.

Jumamosi iliyopita baada ya magharibi nilikwenda Michenzani kumtazama shangazi yangu. Anakaa ghorofa ya nne katika moja ya yale majumba marefu, na ngazi zake zinamjua kila mwenye magoti mabovu. Kwenye ngazi hizo nikamkuta kijana wa jirani yake amekaa peke yake, simu mkononi, uso umemshuka. Kijana huyu kasomea kompyuta na anafanya kazi na wenzake watatu katika kampuni ndogo hapa mjini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marhaba. Vipi, mbona umekaa kama uliyefiwa?"

Akanieleza. Kwa miezi saba wamekuwa wakitengeneza programu ya maduka ya dawa, ya kujua dawa gani imebaki, ngapi zimeuzwa na ipi inakaribia kuisha muda wake. Mkuu wao kesha waahidi wenye maduka kwamba kazi itaanza mwezi ujao. Lakini kuna kasoro. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, na sote tunaujua umeme wetu, programu ikiwashwa upya inahesabu dawa ile ile kuwa imeuzwa mara mbili. Fanya hivyo wiki mbili tatu, kompyuta itasema dawa ya sukari au ya presha imekwisha na huku maboksi yako kwenye rafu. Muuzaji atatazama kioo, atamwambia mgonjwa hakuna.

Nikamwuliza, mkuu wenu anasemaje? Akacheka kicheko kisicho na furaha. Kila Jumatatu saa 3 asubuhi wana kikao. Mkuu huuliza swali moja: "Kuna tatizo?" Na wote wanne hujibu kwa pamoja kama watoto wa chuo: "Hakuna tatizo, mkuu." Kwa nini? Kwa sababu mwenzao wa tano, aliyewahi kusema lipo, aliambiwa mbele ya watu kwamba yeye ndiye tatizo, na mwezi huo huo akaondoka.

Nilipanda ngazi zilizobaki lakini akili yangu ilibaki chini na yule kijana.

Hebu tuyatazame hayo majumba yenyewe, maana yalijengwa kwa amri. Mwaka 1968 wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walichora mji mpya wa Ng'ambo, na marehemu Mzee Abeid Amani Karume akataka ujengwe. Nyumba za udongo zikavunjwa, barabara pana zikakatwa kwa msalaba, watu wakabeba mawe na kuchanganya saruji, wengine kwa hiari na wengine kwa hiari ya lazima. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na ujenzi ukaendelea bila yeye. Hayakujengwa yote yaliyochorwa, lakini yaliyojengwa yamesimama na yana watu mpaka leo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba amri haijengi. Amri ilijenga, na shangazi yangu analala ndani yake.

Ila saruji ina tabia moja. Ukiimwaga imemwagika, na kila mtu anaiona. Ukuta ukipinda, hata mpita njia wa Kisonge ataona umepinda. Tena mkaazi asipopapenda anapabadilisha mwenyewe: ataziba baraza, atatia nondo dirishani, atafungua kiduka chini. Programu ya kompyuta haionekani. Mkuu hawezi kusimama barabarani akaitazama kama imenyooka. Anayejua kwamba imepinda ni yule kijana aliyeiandika na yule karani anayeitumia, basi. Wawili hao wakinyamaza, mkuu ni kipofu, hata awe na digrii tatu. Na mtumiaji asiyeipenda hawezi kuvunja ukuta wake. Atakachofanya ni kurudi kwenye daftari lake kimya kimya, na pesa zilizonunua kompyuta zinakuwa zimekwenda na maji.

Wataalamu wa mambo ya uongozi walianza kuyapima haya zamani, kabla kompyuta haijaingia maofisini. Mwaka 1939 Kurt Lewin, Mjerumani wa Kiyahudi aliyeikimbia nchi yake baada ya Hitler kushika madaraka, alitangaza na wenzake Lippitt na White matokeo ya majaribio waliyoyafanya huko Iowa, Marekani. Waliwakusanya watoto wa kiume wa miaka kumi hivi katika vikundi vya kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Vikundi vilipewa viongozi wa aina tatu. Wa kwanza anaamuru kila kitu. Wa pili anashauriana na watoto. Wa tatu anawaachia wafanye wapendavyo. Chini ya mwenye amri watoto walichapa kazi kweli kweli alipokuwa chumbani. Akitoka tu, kazi inalala. Chini ya mwenye kushauriana, akitoka waliendelea. Kwa yule wa tatu kazi haikuwa ya maana.

Sasa mtengenezaji wa programu kazi yake yote hufanya mkuu akiwa katoka chumbani. Hata mkuu akisimama nyuma ya kiti chake hajui kinachoandikwa. Ndiyo maana bakora ya amri, iliyofaa kwenye saruji, haifiki huku.

Naona nimekaa sana na watoto wa Iowa. Acha niseme langu, ambalo sijawahi kulisema hewani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa kijana katika kituo kimoja cha redio, ambacho sitakitaja, stashahada yangu ya uandishi wa habari bado inanukia wino. Wakati huo simu za mkononi hazijaenea shamba, na tangazo la kifo redioni ndilo lililokuwa likiwakusanya jamaa. Matangazo hayo yaliandikwa katika daftari kubwa la jalada gumu na mama mmoja wa mapokezi, mtu wa makamo, mwenye hati nzuri ajabu. Ikaja kompyuta. Mkuu wetu, mtu mwenye juhudi wala sisemi alikuwa mbaya, akaagiza programu itengenezwe, akawaeleza mafundi yeye mwenyewe anachotaka, na siku ilipoletwa akatoa amri: kuanzia tarehe mosi daftari limefungwa.

Yule mama akaitumia siku mbili, ya tatu akasimama katika kikao. Akasema: "Mkuu, hii kompyuta inakata maneno." Alikuwa na haki. Mafundi walikipa kisanduku cha tangazo idadi maalumu ya herufi, nao hawakuwa watu wa hapa. Nyinyi mnajua tangazo letu la kifo lilivyo. Fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake. Habari ziwafikie ndugu zake wa Chake Chake, wa Mombasa, wa Dubai na Muscat, na jamaa wote popote walipo. Jamaa wakiwa wengi herufi zinakwisha, na kilicho mwisho kinaanguka. Na mwisho huwa pana nini? Saa na mahali pa maziko.

Mkuu akamjibu kwamba wataalamu wamekwisha maliza kazi yao na wamelipwa, na kwamba yeye asituletee mambo ya kizamani. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo. Nilikuwa nimeshaliona tatizo lile kwa macho yangu kwenye kioo cha studio, na sikusema neno.

Kiasi cha wiki mbili baadaye zamu ilikuwa yangu. Nikasoma tangazo la kifo cha bibi mmoja wa mjini, mwenye ukoo mkubwa, majina yakafuatana, nikafika kwenye jina la jamaa wa Muscat na sentensi ikakatika. Kioo hakina kitu. Daftari halipo. Nikatulia kama sekunde mbili, kisha nikasema innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun, nikaendelea na tangazo la pili. Mdogo wake marehemu alikuwa Nungwi. Alisikia kifo, hakusikia mahali. Akadhani ni Mwanakwerekwe, kama wengi wa mjini wanavyozikwa, akapanda gari kuja. Wenzake walikuwa wamempeleka dada yao Makunduchi, kwao. Alipofika Makunduchi watu wamekwisha rudi kaburini, wanakunywa maji barazani.

Alikuja kituoni siku ya tatu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu nani aliyesoma, nikamwambia ni mimi, akanitazama, akaondoka.

Baada ya hapo tulipata mkuu mwengine, mwanamke, mkali kuliko yule wa mwanzo kwa mambo ya saa na adabu ya kazi. Alichofanya ni kuvuta kiti akakaa na yule mama wa mapokezi asubuhi mbili nzima, akimtazama anavyopokea watu na kuandika. Kisha akamwita fundi akae vile vile. Programu ikatengenezwa upya kwa siku chache: saa na mahali pa maziko vikapewa visanduku vyao peke yake, haviwezi kukatwa, na daftari likarudishwa liende sambamba mpaka mama mwenyewe aseme basi. Alisema basi baada ya miezi mitatu.

Mtu atasema hayo ni ya ofisi ndogo. Haya, twende kwenye kubwa, na tena la hapa hapa. Mwaka 2005 Wizara ya Afya ya Zanzibar ilianza kuingiza programu ya takwimu za afya iitwayo kwa herufi zake DHIS, iliyozaliwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990 na kulelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Ugonjwa uliokuwapo haukuwa wa kompyuta. Kila mradi ulikuwa na fomu zake: chanjo zake, malaria zake, ukimwi zake, mama na mtoto zake. Muuguzi wa kituo cha shamba anaandika jambo lile lile mara mbili tatu, kwa wakubwa tofauti, na hakuna anayemrudishia jibu. Wangeweza kuiingiza fujo ile kompyutani kama ilivyo, wakaita waandishi wa habari na kukata utepe. Badala yake wenye miradi walikalishwa chini wakubaliane fomu za pamoja, kazi ya maneno mengi isiyo na picha nzuri gazetini.

Na likafanywa jingine, ambalo mimi naliona ndilo lililookoa kazi. Kila robo mwaka watu wa wilaya na wa miradi walikutana, na kila wilaya ikasimama kueleza takwimu zake yenyewe mbele ya wenzake, wa Unguja na wa Pemba. Wenzao ndio waliouliza. Kama wilaya imeleta hesabu inayosema watoto waliochanjwa ni wengi kuliko watoto waliopo, haulizi bwana mkubwa kutoka juu. Anauliza mwenzako wa wilaya ya pili, ambaye kesho naye atasimama. Na programu yenyewe na fomu zake zikarekebishwa kufuata yaliyosemwa. Mwaka 2012 watatu walioshughulika na kazi hiyo, Braa, Heywood na Sahay, waliandika habari zake katika jarida la Shirika la Afya Duniani: taarifa zilizidi kukamilika, makosa yakapungua, na watu wakaanza kuzitumia takwimu badala ya kuzipeleka tu. Programu hiyo katika sura yake ya baadaye imeenea katika nchi zaidi ya 70. Nathubutu kusema wengi wetu tunaoishi visiwani hapa hatujui kwamba tumo katika hadithi hiyo.

Linganisheni na Uingereza, nchi tajiri yenye wataalamu tele. Mwaka 2002 serikali ya Tony Blair ilianza mpango wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa milioni 50 wa huko katika kompyuta. Akapewa bwana mmoja, Richard Granger, mchapakazi na mkali. Makampuni makubwa yakagaiwa mikoa kwa mikataba mizito na kwa haraka. Huyu bwana aliwahi kuwafananisha wakandarasi wake na mbwa wanaokokota gari kwenye theluji, kwamba mmoja akilemaa hupigwa risasi na wenzake wakalishwa nyama yake. Madaktari na wauguzi wakalalamika kwamba hawakuulizwa wanavyofanya kazi. Accenture ikajitoa mwaka 2006, Fujitsu ikatoka 2008, na mwezi wa Septemba 2011 serikali ya wakati huo ikatangaza kuuvunja mpango. Gharama ilikuwa imekisiwa kufika pauni bilioni 12. Si kila kitu kilipotea, picha za eksirei kwa mfano zilifanikiwa kuwekwa kompyutani nchi nzima, lakini lile jambo kubwa halikupatikana kama lilivyoahidiwa. Mbwa anayejua kwamba kilema kinauliwa, atasema mguu unamuuma?

Sasa nasikia wasikilizaji wangu wa Darajani wakinijibu: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kweli kabisa. Wala sitetei ule uongozi wa tatu wa Iowa, ambao na sisi tunao kwa wingi: mkuu asemaye "nyinyi ndio wataalamu, fanyeni tu", kisha haonekani mpaka siku ya kufungua, na siku ya kuharibika anakuwa safarini. Huyo ana hasara kuliko mkali. Nahodha awe mmoja. Lakini kila nahodha wa jahazi ana baharia aliyekaa omo akitazama maji, na baharia huyo akipiga kelele "mwamba!", nahodha hamwulizi yeye nani. Anageuza usukani kwanza.

Kugeuza usukani si udhaifu. Wenzetu wa Kenya walipoanza majaribio ya M-Pesa mwaka 2005, na wateja wasiofika 500, huduma ile ilikusudiwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walioongoza kazi hiyo na Safaricom, wakaona watu wanafanya mengine: wanatumiana pesa wao kwa wao, mwengine anaweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili asiibiwe njiani. Mkuu wa amri angewakataza, maana mkataba ni mikopo. Wao wakaiacha habari ya mikopo, na ilipofunguliwa rasmi Machi 2007 ikanadiwa kama huduma ya kupeleka pesa nyumbani. Kabla mwaka haujakwisha wateja walipita milioni moja. Safaricom wakati huo iliongozwa na Michael Joseph, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mpole.

Na kwa kuwa nimesema ukali, niongeze huyu, Linus Torvalds wa Finland, aliyeanzisha Linux mwaka 1991. Kwa miaka mingi alijulikana kwa kuwatukana hadharani wanaomletea kazi mbovu, hata Septemba 2018 akaomba radhi na kukaa kando kwa muda. Kazi yake imestawi dunia nzima. Hapana shaka wapo mabosi wetu watakaoliruka hilo la kuomba radhi na kulishika la matusi tu. Lakini kazi ile iko wazi kwa kila mtu kuisoma, na kosa likionekana linasemwa mbele ya wote, likiwa la mdogo au la Torvalds mwenyewe. Ulimi ulikuwa mkali, habari mbaya haikuzuiwa njia. Kwetu mara nyingi ni kinyume chake: lugha ya heshima, salamu ndefu, "mkuu" na "mheshimiwa", na kasoro imefunikwa chini ya mkeka.

Nilipoteremka kwa shangazi yule kijana alikuwa bado yuko kwenye ngazi. Nikakaa naye. Nikamsimulia habari ya yule mzee wa Nungwi. Akanyamaza kitambo, akaniuliza: "Sasa mjomba, wewe ungesemaje siku ile katika kile kikao?" Nikamwambia ningesimama tu baada ya yule mama nikasema, na mimi nimeona. Maneno matatu. Mama alikuwa peke yake, ndio maana ilikuwa rahisi kumcheka.

Akasema wenzake wawili wanaijua ile kasoro ya umeme kama anavyoijua yeye. Kesho yake, Jumapili, angewapigia simu. Na alikuwa na wazo jengine: badala ya kusema, achukue kompyuta kikaoni, auze boksi moja la dawa mbele ya mkuu, kisha achomoe waya ukutani, mkuu ajionee mwenyewe hesabu inavyokwenda. Nikamwambia hilo ni zuri kuliko langu.

Kikao kilikuwa juzi Jumatatu. Mpaka naingia studio jioni hii hajanipigia, na mimi sikutaka kumpigia.